Wachumaji Wengi, Gari Moja ya Ng'ombe: Maswali Yenu Kuhusu Kadi za Michoro

Katika toleo lililopita niliandika, kwa mkato kupita kiasi, kwamba atakaye kununua kadi ya michoro yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha za skrini, asianze kwa kuhesabu vikokotozi (sehemu ndogo zinazofanya hesabu) vilivyomo ndani ya chipu yake, bali aanze kwa kuuliza data hufika kwenye chipu hiyo kwa kasi gani kutoka kwenye kumbukumbu. Sentensi ile moja imeniletea barua nyingi kuliko ukurasa wote uliobakia. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika ameuliza kile ambacho wengine wote walikuwa wanakizunguka.

*Assalamu alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Kama chipu ina vikokotozi elfu moja, na mwenye kiwanda anaweza kuweka elfu mbili, kwa nini kasi isiwe mara mbili? Baba yangu ana mikarafuu, na msimu ukifika anapoongeza wachumaji, karafuu hushuka mtini haraka zaidi. Naomba unieleweshe kwa hesabu. (Msomaji wa Wete, Pemba)*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mfano wa baba yako nimeupenda, isipokuwa umeukatiza njiani. Karafuu haijawa mali ikiwa bado imo pakachani chini ya mkarafuu. Sharti ifike nyumbani, ichambuliwe, ianikwe juu ya majamvi. Tuseme shamba lina gari moja ya ng'ombe, na wachumaji kumi wanatosha kuijaza kila inaporudi. Mchumaji wa kumi na moja hataongeza hata pishi moja nyumbani. Atachuma, kisha atakaa juu ya gunia lake akiingojea gari. Kikokotozi kilichozidi ndani ya chipu ya michoro hukaa vivyo hivyo, na kwa kuwa kimechukua nafasi kwenye silikoni, mnunuzi amekwisha kukilipia.

Umeomba hesabu. Chukua kadi ya GeForce RTX 3090 iliyotoka mwaka 2020. Kwa karatasi, inaweza kufanya hesabu trilioni 35.6 kwa sekunde katika namba za desimali za biti 32, na kumbukumbu yake inaweza kuiletea GB 936 kwa sekunde. Ukigawa kiasi cha kwanza kwa cha pili utapata hesabu 38 kwa kila baiti. Namba moja ya biti 32 ni baiti 4, kwa hiyo kila namba inayoletwa kutoka kumbukumbu inapaswa kufanyiwa kazi mara 152 hivi kabla haijaachwa, la sivyo baadhi ya vikokotozi vitakaa bure.

Sasa ipe kadi hiyo kazi nyepesi kabisa: ijumlishe orodha mbili ndefu za namba na kuandika majibu katika orodha ya tatu. Kila jumla inataka kusoma namba mbili na kuandika moja, yaani baiti 12. Ukigawa GB 936 kwa 12 unapata jumla bilioni 78 kwa sekunde, ambazo ni kama asilimia 0.2 tu ya zile trilioni 35.6. Mwenye kiwanda akiongeza vikokotozi mara mbili, jumla zitabaki bilioni 78 zile zile, na kitakachobadilika ni kwamba asilimia hiyo itashuka hadi 0.1.

Si kila kazi ina tabia hiyo, na hapo ndipo mfano wa baba yako unapopata haki yake. Kuzidisha matriki mbili, yaani majedwali ya namba, zenye safu na nguzo elfu moja kunahitaji hesabu bilioni 2, lakini data yenyewe, matriki mbili za kusoma na moja ya kuandika, ni MB 12 tu. Ikiwa kila namba italetwa mara moja na kutumiwa mpaka ikamalizika kazi yake, hizo ni hesabu 167 kwa kila baiti, nyingi kuliko 38 tuliyoipata juu, na kwa kazi ya namna hiyo vikokotozi vya ziada vina faida ya kweli. Mwaka 2009 Samuel Williams, Andrew Waterman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilichora jambo hili kwa umbo la paa la nyumba. Upande wa kushoto paa linapanda kwa mteremko, na huko kumbukumbu ndiyo inayoamua kasi; likifika juu linalala bapa, na huko vikokotozi ndivyo vinavyoamua. Kwa kadi niliyoitaja, mteremko na bapa vinakutana kwenye ile 38. Kabla ya kusema kadi ni nzuri au mbaya, inabidi kwanza ujue kazi yako imesimama upande gani wa paa.

Jambo hili halikuanza jana. Chipu ya GeForce 256 ya mwaka 1999 ilikuwa na mifereji minne ya kupaka pikseli, ikienda kwa megahezi 120, hivyo iliweza kupaka pikseli milioni 480 kwa sekunde. Katika rangi ya biti 32, kila pikseli ilihitaji baiti 4 za kusoma kina (umbali kutoka kwa mtazamaji) cha kilichokwisha kuchorwa mahali pale, baiti 4 za kuandika kina kipya, na baiti 4 za kuandika rangi. Milioni 480 mara 12 ni GB 5.76 kwa sekunde, kabla ya kusoma hata tekscha moja, yaani zile picha zinazobandikwa juu ya maumbo ili ukuta uonekane ukuta. Kumbukumbu ya kadi za mwanzo zilizobeba chipu hiyo ilitoa takriban GB 2.7 kwa sekunde, chini ya nusu ya kilichotakiwa. Ukirudi kwenye rangi ya biti 16, na kina nacho kikiwa cha biti 16, mahitaji yanashuka hadi GB 2.9, na mizani inakaribia kukaa sawa. Muda mfupi baadaye likatoka toleo lenye kumbukumbu ya DDR iliyotoa GB 4.8, na waliopenda kucheza kwa rangi kamili wakaona kasi imepanda ilhali chipu ni ile ile na hakuna kikokotozi kilichoongezwa.

Mbunifu hufanya nini basi? Kwanza atofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Gari kuwa ndogo ni jambo moja, na safari kuwa ndefu ni jambo jingine. Ombi linalotoka kwenye chipu kwenda kwenye kumbukumbu ya nje na kurudi na jibu huchukua mamia ya mapigo ya saa ya chipu. Chipu kuu ya kompyuta hupambana na urefu huo kwa kujaribu kubashiri data itakayotakiwa na kuileta mapema. Chipu ya michoro imechagua tabia nyingine: hubeba kazi nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikiitwa uzi, zikiwa zimefungwa katika makundi ya nyuzi 32 kwa chipu za NVIDIA, kampuni inayotengeneza GeForce, na kundi moja linapongoja data yake, kundi jingine lililokwisha kupata yake linashika vikokotozi. Makundi lazima yawe mangapi? Kanuni ya foleni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inajibu: kilichomo njiani ni sawa na kasi mara muda wa safari. Tuseme safari ni nanosekunde 400. Kwa GB 936 kwa sekunde, lazima wakati wowote ule baiti 374,000 hivi ziwe njiani, ama sivyo gari itakuwa inakwenda nusu tupu.

Gharama ya tabia hiyo inaonekana ukifungua chipu yenyewe. Kila uzi unaongoja lazima uwe na mahali pa kuweka namba zake, na mahali hapo ni rejista, ambazo ziko jirani kabisa na vikokotozi. RTX 3090 ina vitengo 82 vya ukokotoaji, yaani makundi ya vikokotozi, kila kimoja kikiwa na KB 256 za rejista, jumla MB 20.5, wakati akiba kubwa ya ndani, yaani hifadhi ya haraka iliyomo ndani ya chipu, inayotumiwa na vitengo vyote kwa pamoja ina MB 6 tu. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea, kwa kuwa nilizoea kwamba kadiri hifadhi inavyokuwa karibu na vikokotozi ndivyo inavyokuwa ndogo. Humo ndimo ulimo mvutano ambao kila mwandishi wa programu za michoro anaujua: rejista za kitengo ni 65,536, na nyuzi zinazoweza kukaa humo ni 1,536, kwa hiyo kila uzi una rejista 42 hivi. Programu inayotaka rejista 84 kwa kila uzi itakata idadi ya nyuzi kwa nusu, na foleni ya kuificha safari ndefu itapungua kwa kiasi hicho hicho.

Njia ya pili ni kuiweka data karibu ili isafiri mara chache. Mwaka 1986 H. T. Kung wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alionyesha jambo ambalo napenda uliandike ukutani kwako. Kwa kuzidisha matriki, ukiongeza nguvu ya kukokotoa mara 2 na njia ya nje ikabaki vile vile, hifadhi ya ndani sharti iongezwe mara 4 ili mizani irudi. Kwa kazi kama ile ya kujumlisha orodha, hakuna kiasi cha hifadhi ya ndani kitakachosaidia, kwa sababu kila namba huja mara moja na kwenda zake. Sasa tazama kilichotokea kati ya RTX 3090 na RTX 4090 ya mwaka 2022. Hesabu zilipanda hadi trilioni 82.6 kwa sekunde, mara 2.3. Kasi ya kumbukumbu ilipanda kutoka GB 936 hadi GB 1,008, ongezeko lisilofika asilimia 8. Akiba ya pamoja ya ndani ya chipu ilitoka MB 6 ikafika MB 72. Mraba wa 2.3 ni 5.3, na NVIDIA waliongeza akiba mara 12. Kampuni ya AMD ilikuwa imepita njia hiyo miaka miwili kabla, ilipoitoa Radeon RX 6800 XT ikiwa na MB 128 za akiba ndani ya chipu na njia ya nje ya biti 256 tu yenye GB 512 kwa sekunde. Eneo hilo lote la silikoni lingeweza kujazwa vikokotozi, na tangazo lingependeza zaidi.

*Ndugu Mhandisi, dukani Darajani nimeonyeshwa kadi mbili za GeForce GT 1030, zote za GB 2. Moja ni rahisi zaidi, na muuzaji anasema ni kitu kimoja. Nichukue ipi? (Msomaji wa Mjini Unguja)*

Usichukue yoyote kabla hujasoma herufi ndogo kwenye sanduku. Kadi ya jina hilo ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, na mwaka 2018 likatoka toleo jingine lenye kumbukumbu ya DDR4, bila jina kubadilishwa. Vikokotozi ni 384 kwa zote mbili, na saa ya chipu imepungua kidogo tu. Njia ya kumbukumbu ni ya biti 64 kwa zote. Lakini GDDR5 ile inapitisha gigabiti 6 kwa sekunde katika kila waya, hivyo jumla ni GB 48 kwa sekunde, na DDR4 inapitisha gigabiti 2.1, hivyo jumla ni GB 16.8. Karibu thuluthi mbili za kasi ya kumbukumbu zimeondolewa, na katika michezo mingi toleo la DDR4 hupoteza karibu nusu ya kasi yake.

Muuzaji huenda hakudanganyi. Inawezekana naye ameangalia jina na GB 2 akatosheka. GB 2 ni ukubwa wa ghala. Haikuambii lolote kuhusu upana wa mlango. Ikiwa unataka kadi ya kuandikia barua na kutazama video tu, ile ya rahisi itakutosha. Ikiwa ni ya michezo, lipa zaidi, au usinunue.

*Nasoma kompyuta chuoni. Nimeandika programu ya kupindua picha kubwa, yaani safu ziwe nguzo na nguzo ziwe safu, kwenye chipu ya michoro. Haifanyi hesabu yoyote, inahamisha pikseli tu, lakini ni ya polepole sana kuliko ile ya kunakili picha bila kuipindua, ingawa idadi ya baiti ni ile ile. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Tunguu)*

Hukukosea hesabu, umekosea mpangilio wa safari. Kumbukumbu haitoi baiti moja moja. Katika chipu nyingi za leo za NVIDIA hutoa vipande vya baiti 32. Nyuzi 32 za kundi moja zinaposoma pikseli zilizofuatana katika safu, kila moja baiti 4, zinahitaji baiti 128 zilizo pamoja, na vipande vinne vinatosha. Lakini unapoandika kwa nguzo katika picha yenye upana wa pikseli 4,096, kila uzi unagusa mahali palipo mbali na pa mwenzake kwa baiti 16,384. Sasa vinahitajika vipande 32, jumla baiti 1,024, kwa ajili ya baiti 128 zenye maana. Gari imekwenda mara nane zaidi, na kila safari imebeba kipakacha kimoja. Umesema baiti ni zile zile. Ni kweli kwa zile ulizozitaka, si kweli kwa zile zilizosafiri.

Dawa yake ni kuigawa picha katika vigae vya pikseli 32 kwa 32. Soma kigae kwa safu, kiweke kwenye kumbukumbu ya pamoja iliyomo ndani ya kitengo, kipindue humo humo, kisha kiandike nje kwa safu vilevile. Tahadhari moja ambayo itakuokoa usiku mzima wa kutafuta kosa: kumbukumbu hiyo ya ndani imegawanywa katika milango 32, na ukitangaza kigae chenye upana wa 32 kamili, nguzo nzima itaangukia mlango mmoja na nyuzi zitapanga foleni. Tangaza upana wa 33. Nguzo ile ya ziada haitumiki kwa lolote, kazi yake ni kuisogeza kila safu hatua moja ili nguzo isambae kwenye milango yote. Ni baiti 128 tu zilizotupwa kwa makusudi, na sijaona mahali pengine ambapo upotevu mdogo namna hiyo unalipa haraka namna hiyo.

*Mhariri, simu yangu hupata moto mkali nikicheza mchezo wa mpira kwenye boti ya kwenda Unguja, na betri inakwisha kabla ya kufika Malindi. Fundi wa simu ameniambia chipu inakokotoa sana. Ni kweli? (Msomaji wa Mkoani, Pemba)*

Ni kweli nusu. Kukokotoa kunatumia umeme, lakini kusafirisha kunatumia zaidi, na pengo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa makadirio yanayotajwa mpaka leo: kwa chipu za teknolojia ya nanometa 45, kujumlisha namba mbili za desimali za biti 32 kunagharimu takriban pikojuli (kipimo kidogo sana cha nishati) 0.9, ilhali kuleta biti 64 kutoka kumbukumbu ya nje kunagharimu pikojuli 1,300 hadi 2,600. Teknolojia imeendelea tangu hapo na viwango vyenyewe vimebadilika, lakini safari ya nje imebaki kuwa ndiyo ya anasa. Moto unaouhisi mkononi, sehemu yake nzuri ni nauli ya data.

Kwa sababu hiyo wabunifu wa chipu za simu walichagua namna ya kuchora isiyofanana na ya kadi za mezani za zamani. Fikiria skrini ya pikseli 1,080 kwa 2,400, inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde, na tuseme kila pikseli inafunikwa mara tatu kabla picha haijakamilika: kwanza nyasi, kisha mchezaji, kisha mpira. Kwa ile hesabu ya baiti 12 niliyomwonyesha mwanafunzi wa Wete, hizo ni GB 5.6 kwa sekunde, mbali na tekscha. Chipu ya simu hukataa kuzilipa. Huikata skrini katika vigae vidogo, kwa mfano vya pikseli 16 kwa 16 katika chipu nyingi za michoro za simu ziitwazo Mali, na hukichora kigae kimoja kikamilifu ndani ya tumbo lake kabla ya kwenda kingine. Kigae cha pikseli 256, kwa rangi na kina, kinahitaji KB 2 tu, kwa hiyo kinaingia chote. Nyasi zinafunikwa na mchezaji, na mchezaji na mpira, humo humo ndani, na kinachotoka nje ni rangi ya mwisho peke yake: GB 0.62 kwa sekunde. Kina hakitoki kabisa.

Wazo hili lina historia nzuri. Chipu ya PowerVR iliyomo katika Sega Dreamcast ya mwaka 1998 ilichora kwa vigae, na ilikwenda hatua moja mbele kwa kuamua kwanza ni umbo gani linaloonekana katika kila pikseli, ndipo ikabandika tekscha kwa hilo tu. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilifuata njia iliyo kinyume: ikaweka MB 4 za kumbukumbu ndani ya chipu ya michoro yenyewe, kwa njia ya biti 2,560 yenye GB 48 kwa sekunde, ambazo ni sawasawa na kadi ya msomaji wetu wa Mjini iliyotoka miaka 17 baadaye. Binafsi naona vigae ndivyo vilivyoshinda hoja kwa vifaa vya betri, ingawa navyo vina deni lake. Kabla ya kuanza kigae cha kwanza, chipu lazima ipokee maumbo yote ya picha, iyapange kwa vigae, na orodha hiyo ikae kwenye kumbukumbu ya nje. Mchezo wenye pembetatu ndogo ndogo mamilioni, au unaosoma tena na tena picha uliyokwisha kuichora ili kuongeza ukungu na mng'aro, unarudisha nauli ile ile uliyodhani umeikwepa.

Tekscha nazo hubebwa zikiwa zimebanwa. Mbinu iliyoletwa na kampuni ya S3 mwaka 1998 ilibana pikseli 16 katika baiti 8, mahali ambapo rangi ya biti 32 ingechukua baiti 64, na mbinu ya ASTC ya mwaka 2012, inayotumika katika simu nyingi za leo, inashuka hata chini ya biti moja kwa pikseli. Ni sawa na kuichambua karafuu shambani na kuyaacha makonyo huko huko: kuna kilichopotea, lakini gari imepumua.

Kuhusu boti: nenda kwenye mipangilio ya mchezo, punguza ubora wa picha na uzime vivuli na mng'aro, na ukiweza shusha picha kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde. Hatua hiyo ya mwisho peke yake inakata safari zote kwa nusu. Na usiiweke simu juani sitahani.

*Nimepakua modeli ya lugha ya vigezo bilioni 7 ili niitumie kwenye kompyuta yangu ya mpakato bila intaneti. Ina RAM ya GB 8 katika kipande kimoja cha DDR4 cha 3200, na haina kadi ya michoro ya peke yake. Inajibu, lakini kwa kudondosha maneno kama bomba bovu. Je, chipu mpya ndiyo dawa? (Mwalimu, Fuoni)*

Mwalimu, hapa chipu haina kosa kubwa. Modeli inapomjibu mtu mmoja, kila kipande cha neno inachokitoa kinaidai isome vigezo vyake vyote, yaani namba ilizojifunza, na kila kigezo hutumika kwa kuzidisha mara moja na kujumlisha mara moja, kisha kinaachwa. Ni kazi iliyo karibu sana na ile ya kujumlisha orodha, chini kabisa ya mteremko wa paa. Vigezo bilioni 7 vya biti 4 kila kimoja ni GB 3.5. Kipande kimoja cha DDR4 cha 3200 hutoa GB 25.6 kwa sekunde. Gawanya, na utaona kwamba hata kikokotozi kikiwa cha ajabu hakitavuka vipande 7 hivi vya maneno kwa sekunde. Watoa huduma wakubwa hulikwepa tatizo hili kwa kuwajibu watu wengi kwa pamoja, ili kigezo kikishaletwa kiwatumikie wote. Wewe uko peke yako nyumbani, na huna wa kuchangia naye nauli.

Dawa yako ni ya bei ndogo. Ongeza kipande cha pili cha RAM, cha ukubwa ule ule na kasi ile ile, ili njia mbili zifanye kazi pamoja. Kasi itakuwa GB 51.2, na ukomo utapanda hadi vipande 14 hivi kwa sekunde. Michezo na video zitafaidika pia, kwa sababu chipu ya michoro iliyomo ndani ya kompyuta yako inakunywa kutoka kisima hicho hicho. Kabla ya kulipa, mwombe fundi afungue mfuniko wa chini aone kama kuna nafasi ya pili, kwani baadhi ya kompyuta za namna hiyo zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao.